Lord Denning: jaji wa Kiingereza ambaye mahakama zetu hazijamwacha

Ukizoea kusoma hukumu za mahakama za Kenya, Uganda au Tanzania, kuna sentensi moja utakutana nayo mpaka uichoke: huwezi kuweka kitu juu ya pasipo na kitu ukategemea kikae, kitaporomoka. Mawakili huitoa wanapotaka kuiua hoja ya mwenzao tangu kwenye shina. Kiapo kiliapwa kimakosa, kikao kilikaa bila akidi, rufaa ilikatwa na mtu asiye na mamlaka, basi yote yaliyofuata ni bure. Maneno hayo ni ya Lord Denning, katika kesi ya MacFoy dhidi ya United Africa Company, iliyotoka Sierra Leone na kuamuliwa London mwaka 1961 na jopo la majaji lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho za makoloni.

Kinachochekesha ni kwamba katika kesi yenyewe Denning aliikataa hoja hiyo. Mdai alikuwa amewasilisha hati ya madai wakati wa likizo ya mahakama, jambo ambalo kanuni zilikataza, na mdaiwa akasema kila kilichofuata ni batili. Denning akaeleza ubatili ni nini, akaipamba kwa sentensi ile, kisha akasema: lakini hili la leo si batili, ni kasoro ya utaratibu tu, na mahakama inaweza kuisamehe. Kwa hiyo silaha inayotumika kila siku kufutilia mbali kesi za watu ilichongwa na jaji aliyekuwa akiokoa kesi isifutwe.

Hiyo ndiyo hali ya Denning kwa jumla. Sentensi zake zimetembea mbali kuliko hukumu zake. Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere humfahamu kwa vipande: jaji wa ahadi, jaji wa wanyonge, jaji aliyeandika kama msimulizi wa hadithi. Vipande hivyo ni vya kweli. Vingine havitajwi sana, na bila hivyo mtu huyu haeleweki.

Mtoto wa muuza vitambaa

Alfred Thompson Denning, aliyeitwa Tom na watu wake, alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 huko Whitchurch, mji mdogo wa mkoa wa Hampshire kusini mwa Uingereza. Baba yake aliuza vitambaa. Mama yake alikuwa mwalimu. Ndugu walikuwa sita, wavulana watano na msichana mmoja. Vita Kuu ya Kwanza ilichukua wawili: mmoja aliuawa Ufaransa mwaka 1916, mwingine, aliyekuwa baharia, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1918. Wawili wengine baadaye walifikia vyeo vya juu kabisa jeshini, mmoja nchi kavu na mwingine majini. Tom naye alipelekwa Ufaransa na kikosi cha wahandisi, akarudi mzima.

Alisoma hisabati Oxford, katika chuo cha Magdalen, kwa ufadhili, akafaulu kwa daraja la kwanza. Akafundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya Winchester. Wakati huo alikwenda kuangalia majaji wakiendesha kesi katika ngome ya kale ya mji huo, na ualimu ukamwisha hamu. Akarudi Oxford, akamaliza sheria mwaka 1922, tena daraja la kwanza, na mwaka 1923 akaapishwa kuwa wakili.

Safari ya uwakili haina mengi ya kusimulia. Alipanda polepole, akapewa hadhi ya wakili mwandamizi wa mfalme mwaka 1938. Mkewe wa kwanza, Mary, alifariki mwaka 1941 akimwachia mtoto mdogo wa kiume. Mwaka 1945 alimwoa Joan, mjane mwenye watoto watatu. Mwaka 1944, akiwa na miaka 45, aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Kitengo chake cha kwanza kilichanganya wosia, talaka na mambo ya meli. Mwaka uliofuata akahamishiwa kitengo cha kesi za kawaida za madai na jinai, na huko ndiko jina lake lilikoanzia.

Jaji anawezaje kubadilisha sheria?

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu bila hili maisha ya Denning yanaonekana kama orodha ya kesi.

Sehemu kubwa ya sheria ya Kiingereza haikutungwa na Bunge. Ilitengenezwa na majaji, kesi baada ya kesi, kwa karne nyingi. Mkataba ni nini, uzembe ni nini, nani anawajibika kwa nani: mengi ya majibu yamo ndani ya hukumu za zamani. Ili mfumo huo usiwe wa kubahatisha, kuna kanuni kwamba mahakama ya chini hufuata uamuzi wa mahakama ya juu. Enzi za Denning ngazi zilikuwa tatu kwa kesi kubwa: Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani, na juu kabisa majaji wa Nyumba ya Malodi, ambao mwaka 2009 nafasi yao ilichukuliwa na Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufani yenyewe iliamua mwaka 1944 kwamba inafungwa hata na maamuzi yake yenyewe.

Ukiwa jaji ndani ya mfumo huo na ukakutana na kanuni ya zamani inayoleta dhuluma, una njia chache. Unaweza kuifuata huku ukisikitika. Unaweza kusema kesi iliyo mbele yako ni tofauti kidogo na ile ya zamani. Unaweza kuchimbua uamuzi mwingine wa zamani zaidi uliosahaulika na kuupa uhai. Au unaweza kuikaidi na kungoja wa juu yako wakurudi. Denning alitumia zote, na ile ya mwisho aliitumia kuliko jaji yeyote wa karne yake.

Mfano bora wa njia ya kuchimbua ni kesi ya majengo ya High Trees, aliyoiamua mwaka 1946 akiwa na miaka miwili tu kwenye kiti. Mwaka 1937 kampuni moja ilipangisha kwa kampuni nyingine jengo zima la fleti huko Clapham, London, kwa miaka 99, kodi paundi 2,500 kwa mwaka. Vita ikaja, watu wakakimbia mabomu, fleti zikabaki tupu. Mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kwa maandishi kupokea nusu, paundi 1,250. Ilipofika 1945 wapangaji wamerudi na jengo limejaa. Mwenye jengo, ambaye sasa mambo yake yalikuwa mikononi mwa mfilisi, akadai kodi kamili.

Sheria ya zamani ilikuwa upande wa mwenye jengo kabisa. Ahadi bila malipo haikuwa na nguvu: anayekudai mia akisema nipe hamsini yatoshe, kesho anaweza kuja kudai hamsini iliyobaki, kwa kuwa hukumpa chochote badala ya msamaha wake. Nyumba ya Malodi ilikuwa imeshasema hivyo mwaka 1884. Denning akaenda nyuma zaidi, akaibua uamuzi wa 1877 kuhusu kampuni ya reli uliokuwa umelala, na kutoka hapo akajenga kanuni: mtu akitoa ahadi akikusudia itegemewe, na mwenzake akaitegemea kweli, hawezi kugeuka na kuikana pale ambapo kugeuka huko ni dhuluma.

Mawakili wetu huitaja High Trees kana kwamba mpangaji alishinda. Hakushinda. Mwenye jengo alidai kodi ya miezi ya mwisho ya 1945 tu, baada ya jengo kujaa, na Denning akampa, kwa sababu ahadi ilikuwa ya wakati wa vita na vita ilikuwa imekwisha. Yale maneno maarufu kuhusu miaka ya nyuma, kwamba angedai ya tangu 1940 asingepata, hayakuhitajika kabisa kuamua kesi. Yalikuwa maneno ya pembeni. Jaji mgeni alitumia kesi ndogo kupanda mbegu aliyojua itaota, na wala hapakuwa na rufaa ya kumzuia kwa sababu aliyeshinda hana cha kulalamikia. Sijui kama kuna ujanja wa kisheria uliowahi kuzaa zaidi ya huo.

Njia ya kukaidi ilionekana alipopandishwa Mahakama ya Rufani mwaka 1948. Mwaka 1951 mtu mmoja aliyewekeza katika kampuni kwa kutegemea hesabu zilizoandaliwa kizembe na wahasibu alipoteza fedha zake akashtaki. Majaji wawili wakasema wahasibu hawana wajibu kwa mtu asiye na mkataba nao. Denning peke yake akasema wanao: anayetoa maelezo ya kitaalamu akijua fulani atayategemea, lazima awe mwangalifu. Akaongeza kuwa sheria imesogea mbele daima kwa sababu ya majaji wenye ujasiri, huku waoga wakivuta nyuma. Wenzake hawakulifurahia hilo. Mwaka 1963 Nyumba ya Malodi ilimpa haki, na leo mhasibu, mthamini wa ardhi au benki inayotoa taarifa za mteja kizembe inaweza kuwajibishwa.

Lakini mwaka huohuo wa 1951 alipigwa kofi. Alikuwa ameandika kwamba sheria ya Bunge ikiwa na pengo, kazi ya jaji ni kutafuta Bunge lilikusudia nini na kuliziba. Lord Simonds wa Nyumba ya Malodi akajibu kwamba huo ni unyang'anyi wa wazi wa kazi ya kutunga sheria uliojivika vazi jepesi la tafsiri. Mgongano huo haukuisha hadi Denning alipoondoka kazini, na ukitaka kuielewa kazi yake yote ya miaka 38, rudi hapo: nani alimpa jaji mmoja ruhusa ya kuamua haki ni ipi?

Daraja la Nyali

Wasomaji wa Mombasa wana sehemu yao katika habari hii. Mwaka 1931 kampuni binafsi ilifungua daraja linaloelea kati ya kisiwa na bara upande wa Nyali, ikapewa haki ya kutoza ushuru kwa wanaovuka. Miaka ikapita, ukazuka ubishi: magari na watu wa jeshi wanapaswa kulipa? Serikali ilisema kwa sheria ya Kiingereza Taji, yaani dola yenyewe, halilipi ushuru wa daraja. Kampuni ikauliza: sheria hiyo ya Kiingereza inafika vipi Mombasa? Maana mwambao, ule ukanda wa maili kumi, haukuwa koloni. Ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa mkataba wa 1895.

Kesi ilifika Mahakama ya Rufani London mwaka 1955, Denning akiwa mmoja wa majaji. Ushuru wenyewe umesahaulika, na daraja lile la kuelea liliachia nafasi la zege mwaka 1980. Kilichobaki ni aya moja. Sheria iliyopeleka utaratibu wa Kiingereza Kenya ilisema utumike kwa kadiri mazingira ya nchi na watu wake yanavyoruhusu, na Denning akaieleza hivi: mwaloni wa Kiingereza huwezi kuuhamishia Afrika ukategemea uwe na ugumu uleule ulio nao kwao. Utastawi, ila unataka kutunzwa kwa uangalifu. Sheria nayo ina misingi ya haki inayowafaa watu wa kila rangi, lakini ina pia ujanja na mikunjo mingi isiyowafaa wengine, na matawi hayo lazima yakatwe. Watu wa nchi hizo za mbali, akasema, wanahitaji sheria wanayoielewa na watakayoiheshimu, na kazi ya kuipogoa ni ya majaji wa huko.

Majaji wa Afrika Mashariki wameinukuu aya hiyo kwa furaha tangu uhuru, na si vigumu kuona sababu. Jaji wa London anakiri kwamba sheria yake haitoshi kila mahali! Kenya ilipotunga sheria yake ya mamlaka ya mahakama mwaka 1967 iliacha masharti hayohayo: sheria ya Kiingereza itumike kwa kadiri mazingira yanavyoruhusu. Tanzania Bara inayo kama hayo, tarehe ya mapokezi ikiwa 22 Julai 1920.

Mimi nikiisoma leo nasikia sauti mbili. Moja ni ya unyenyekevu wa kweli. Nyingine ni ya bwana mkubwa anayewaangalia watu wengine kutoka juu na kusema hawa hawawezi vitu vyenye mikunjo. Mwaka 1955 sauti hiyo ya pili haikumsumbua mtu London. Ilikuja kumsumbua yeye mwenyewe baadaye.

Uhusiano haukuishia darajani. Mwaka 1960, uhuru ukiwa unakaribia, serikali ya Uingereza ilimteua aongoze kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Hadi wakati huo Mwafrika wa Tanganyika au Kenya aliyetaka uwakili ilimbidi asafiri kwenda kusomea London, na serikali za kikoloni hazikuwa na haraka ya kumsaidia, kwa kuwa ziliwaona mawakili kuwa wanasiasa wa kesho. Nchi zilikuwa zinaelekea kujitawala zikiwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Ripoti ya kamati ilitoka mapema mwaka 1961 ikasema mafunzo yatolewe nyumbani, yaendane na sheria na mazingira ya nchi husika.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, barabara ya Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14 kutoka nchi za Afrika Mashariki. Kenya School of Law ilianzishwa mwaka 1963 kutokana na mapendekezo hayohayo. Nusu ya wanaomlaani Denning na nusu ya wanaomsifu kwenye korido za mahakama zetu walipitia milango aliyosaidia kuifungua.

Aliyeshuka ngazi ili apate nguvu

Mwaka 1957 alipandishwa Nyumba ya Malodi, akawa Baron Denning wa Whitchurch. Kwa jaji yeyote huo ndio mwisho wa ngazi. Yeye hakupenda. Pale wanakaa watano, na mara nyingi alijikuta yeye mmoja upande huu na wanne upande wa pili. Mwaka 1962 akafanya jambo lisilo la kawaida: akakubali kurudi chini, Mahakama ya Rufani, kuwa mkuu wa kitengo chake cha madai, cheo ambacho Waingereza hukiita Master of the Rolls kwa kuwa zamani mwenye nacho alitunza hati za kifalme.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kesi chache sana huenda mbele zaidi ya Mahakama ya Rufani, kwa hiyo neno la mahakama hiyo kwa wengi ndilo la mwisho. Wanakaa watatu, basi unahitaji kumvuta mmoja tu. Na mkuu ndiye anayepanga kesi ipi iende kwa jopo lipi. Kesi aliyoitaka aliichukua mwenyewe. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 20.

Mwaka wa pili alipewa kazi iliyomfanya ajulikane hata na wasiojua sheria: uchunguzi wa kashfa ya John Profumo, waziri wa vita aliyelidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake na mwanamke kijana aliyekuwa pia na uhusiano na afisa wa kijeshi wa ubalozi wa Sovieti. Ripoti ilitoka Septemba 1963, watu wakapanga foleni usiku kuinunua, na zaidi ya nakala 100,000 zikauzwa. Ilisomeka kama riwaya, ikiwa na vichwa vya sura vya kuvutia. Kama uchunguzi wa kisheria ilikuwa kazi dhaifu: aliwahoji watu faraghani, mmoja mmoja, wasiweze kujibu walichosemwa.

Riwaya ilikuwa damuni mwake. Sentensi zake zilikuwa fupi, na hukumu nyingi zilifunguka kwa mahali na watu. Moja ya ajali ya gari inaanza kwa kusema ilikuwa msimu wa maua ya samawati huko Kent. Ile ya mkulima mzee aliyeweka rehani nyumba yake pekee kwa ajili ya madeni ya mwanawe inaanza kwa kusifu uzuri wa kijiji chake, kisha inasema: mzee Herbert Bundy alikuwa mkulima huko. Ukimaliza sentensi ya pili unajua benki imeshashindwa. Wanasheria wengi wanaiga mtindo huo. Wachache hukumbuka kwamba msimulizi huchagua nani awe shujaa kabla hujausikia ushahidi.

Katika miaka hiyo alifanya mengi ya kukumbukwa. Wake waliotelekezwa aliwatetea kwa ukaidi wa ajabu: mume akiondoka na kuuza nyumba au kuiweka rehani, Denning alisema mke ana haki ya kubaki. Nyumba ya Malodi ikaifuta kanuni hiyo mwaka 1965, na mwaka 1967 Bunge likatunga sheria ya kuwalinda wake hao. Mwaka 1977 aliketisha jopo la majaji watano ili kuachana na maamuzi mawili ya mahakama yake yaliyokuwa yakimnyima mwanamke anayepigwa na mwenzi wake ulinzi ndani ya nyumba. Malodi walikubaliana na matokeo mwaka 1978, ila walimkumbusha kwa ukali kwamba mahakama yake inafungwa na maamuzi yake. Katika kesi hiyo alikiri pia kwamba alisoma kumbukumbu za mijadala ya Bunge ili kuelewa sheria, jambo lililokatazwa. Kutozisoma, alisema, ni kupapasa gizani bila kuwasha taa. Wakamkemea kwa hilo nalo. Mwaka 1992 wakaruhusu.

Na mwaka 1975 ndipo alipotengeneza zuio la Mareva. Wenye meli walikuwa wameikodisha meli yao iitwayo Mareva, waliokodi wakaacha kulipa, huku wakiwa na fedha katika benki ya London zinazoweza kuhamishwa kwa simu moja. Sheria tangu 1890 ilisema mahakama haizuii mali ya mtu kabla hajahukumiwa. Denning na wenzake wakazizuia. Wafanyabiashara wa dunia nzima walielewa mara moja maana yake: hakuna tena kushtakiwa leo na kuhamisha kila kitu usiku.

Haki ya nani?

Sasa upande ambao wasifu mwingi huupitia haraka.

Denning aliamini kwamba anajua watu wa kawaida wanaiona haki vipi. Watu hao wa kawaida, ukiwatazama vizuri, walifanana sana na watu wa Whitchurch mwaka 1910. Mwanafunzi wa ualimu aliyefukuzwa chuoni kwa kukaa na mwanamume chumbani alipokwenda mbele yake mwaka 1971 akilalamikia utaratibu mbovu wa kumfukuza, Denning alikiri utaratibu ulikuwa na walakini kisha akasema msichana huyo asingefaa kamwe kuwa mwalimu. Yule mtetezi wa ahadi na haki ya kusikilizwa hakuonekana siku hiyo. Vyama vya wafanyakazi vilishindwa mbele yake mara kwa mara, na mara kwa mara Malodi walivirudishia ushindi, mpaka mwaka 1980 wakasema waziwazi kwamba Bunge hutunga sheria na majaji huzitafsiri, hata kama jaji haipendi sheria hiyo.

Mwasia wa Uganda aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, alidai haki ya kuingia Uingereza kwa kanuni ya kimataifa kwamba nchi huwapokea watu wake waliofukuzwa kwingine. Mwaka 1974 Denning alikataa. Kanuni hiyo, alisema, haikukusudiwa kwa kundi kubwa la watu waliotapakaa katika milki ya zamani. Aliyekuwa hodari wa kutanua kanuni kwa ajili ya mke aliyetelekezwa, hapa alizikuta kanuni zimebana.

Baya kuliko yote lilikuwa la mwaka 1980. Wanaume sita wa Ireland walikuwa wamefungwa maisha kwa mabomu ya Birmingham ya Novemba 1974 yaliyoua watu 21. Walisema polisi waliwapiga mpaka wakakiri, wakataka kuwashtaki polisi hao. Denning aliizuia kesi isiendelee, na sababu mojawapo aliyoitoa ingefaa ibandikwe ukutani katika kila shule ya sheria. Wakishinda, alisema, itamaanisha polisi walisema uongo, walitumia nguvu, na hukumu zilikuwa za makosa. Hiyo ni picha ya kutisha mno hivi kwamba kila mwenye akili angesema si sawa kesi hii iende mbele. Yaani ukweli ukiwa mbaya sana, afadhali usitafutwe. Mwaka 1991, baada ya miaka 16 gerezani, wote sita waliachiwa huru kwa kuwa ushahidi haukuaminika tena. Picha ile ya kutisha ilikuwa ndiyo hali halisi.

Majaji wa zama zake walioteuliwa kabla ya 1959 hawakuguswa na ukomo wa miaka 75, kwa hiyo angeweza kukaa hadi kufa. Kilichomtoa ni kitabu chake mwenyewe, mwaka 1982. Alikuwa ameandika kwamba baadhi ya watu weusi huenda hawafai kuwa wazee wa baraza (jury) katika kesi za jinai, akitoa mfano wa kesi ya ghasia za Bristol. Wawili waliokuwa wazee wa baraza katika kesi hiyo walitishia kumshtaki kwa kashfa, mawakili weusi wakamtaka aondoke, kitabu kikaondolewa madukani, akaomba radhi. Alitangaza kustaafu akiwa na miaka 83. Mwaka huohuo aliamua kwamba Masingasinga si kundi linalolindwa na sheria ya ubaguzi wa rangi, katika kesi ya mvulana aliyekataliwa shuleni kwa sababu ya kilemba. Malodi waliipindua mwaka 1983.

Wapo wanaosema kulikuwa na Denning wawili, mwema wa ujanani na mzee aliyeharibika. Siwaelewi. Aliyesema mwenye jengo hawezi kuikana ahadi yake ya wakati wa vita na aliyewafungia mlango wafungwa wa Birmingham walifanya kazi kwa namna moja: kwanza moyo unaamua nani anastahili, halafu sheria inatafutiwa njia. Mwenye moyo alipokuwa na huruma nawe ulikuwa na bahati kubwa. Wenzake waliombana kwa kanuni kavu, ambao wanafunzi huwadharau kama waoga, walikuwa wanakinga siku ambayo huruma hiyo haikugeukia upande wako.

Alifariki tarehe 5 Machi 1999, wiki chache baada ya kutimiza miaka 100. Mwezi uliofuata Uingereza ilianza kutumia kanuni mpya za kesi za madai, na zuio la Mareva likapewa jina jingine huko. Kwetu jina limebaki, na kazi yake imepanuka. Tanzania, kwa mfano, anayetaka kuishtaki Serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na ndani ya siku hizo nyumba yake inaweza kubomolewa au shamba lake likagawiwa. Kwa hiyo mawakili huenda Mahakama Kuu, kabla hata kesi haijafunguliwa, kuomba Mareva ya kusimamisha mambo hadi notisi iishe. Hakuna meli, hakuna akaunti London, wala mdaiwa anayetorosha mali.